Sajini na Dari la Vipande

Sajini alikuwa hasalimu mpaka kwanza atazame juu. Ukimfungulia mlango hushika kofia yake isianguke, macho yakapanda ukutani polepole mpaka kwenye boriti, yakazunguka pembe zote za chumba, ndipo yakakushukia wewe mwenye nyumba. Wageni waliona ni ukosefu wa adabu. Sisi wa mtaa wa Malindi, mjini Unguja, tulishamzoea, na kwa kweli tulimtazama yeye kwa makini kuliko alivyolitazama yeye dari letu. Akivuta kiti akaketi, tulishusha pumzi. Akisema, "Ahsanteni, kahawa yangu ntainywa barazani," basi kesho yake mwenye nyumba alikuwa akiulizia fundi wa chokaa.

Namwandika kwa fahari, nalisema hilo mapema ili nisije nikaulizwa mbona namsifu mno. Wapo wengi wa mji wetu waliokwenda vitani wakarudi na hadithi. Yeye alirudi na hadithi pia, tena ndefu, lakini alirudi na kazi mkononi, na kazi hiyo ilituingia nyumbani.

Jina alikuwa nalo, ila sikumbuki hata siku moja kulisikia likiitwa njiani. Cheo alichotoka nacho jeshini ndicho kilichombakia, ingawa miaka hiyo ya hamsini alikuwa raia kama sisi, mwenye kiwanja cha kuuzia boriti kule Funguni. Juu alivaa kanzu nyeupe iliyopigwa pasi, chini viatu vya jeshi vilivyong'arishwa mpaka unajiona. Shangazi yangu, dada wa baba, mwanamke mwenye ulimi usio na breki, alikuwa akimwambia:

"Sajini, juu unakwenda msikitini, chini unakwenda Bama. Utafika wapi?"

"Kote nshafika, Bi," alijibu bila kucheka.

Bama, nchi ya misitu mashariki ya Bara Hindi, ndiko alikopelekwa wakati wa vita vikuu vya pili. Kwa maneno yake mwenyewe hakupigana hata kidogo, alikuwa akiezeka. Kikosi chake kilikuwa cha ujenzi: barabara, madaraja, na zaidi mahandaki ya askari kujifichia. Kuchimba shimo, alitueleza, ni kazi ya yeyote mwenye jembe. Taabu iko juu. Adui alikuwa na mizinga midogo inayorusha bomu likapaa, kisha likashuka wima, na handaki lililo wazi halikumfaa mtu kitu. Basi yeye na wenzake walitengeneza madari ya vipande: miti iliyofungwa pamoja kama ulalo wa kitanda, kila kipande cha kubebwa na watu wawili kikapita porini kusikopita gari, kikaungwa na mwenzake juu ya shimo, kisha yakaja magunia ya mchanga. Kikosi kikihama, dari hufunguliwa likaenda nacho, au huachiwa wanaokuja nyuma.

"Tabaka mbili," alikuwa akisema, akipanga vikombe vya kahawa barazani kutuonesha. "La juu la kuvunjika, la chini la kushika. Katikati weka kitu cha kumeza pigo. Ukitaka tabaka moja lifanye kazi zote mbili, umekwisha."

Muuza kahawa alikuwa akivikusanya vikombe vyake kabla bomu halijashuka.

Hadithi aliyoipenda kuliko zote ilikuwa ya kosa. Kila aliyezaliwa katika nyumba za mawe anajua kwamba vyumba vyetu ni virefu na vyembamba, kwa sababu boriti ya mkoko haina urefu zaidi ya ule Mungu alioipa, na chumba hakiwezi kuwa kipana kuliko boriti inayokifunika. Sajini alikulia katika boriti. Alipofika Bama akapewa msitu mzima wa miti ya kwenda mbinguni, na amri kwamba kila dari likatwe kwa kipimo cha handaki lake, mkono wake ulikataa. Alikata miti yote kwa urefu wa boriti ya Funguni. Hakukusudia, ndivyo mkono ulivyofundishwa. Siku ya ukaguzi vipande vikatumbukia ndani ya mahandaki mapana, na kapteni wa Kiingereza akawa mwekundu uso mzima. Sajini akasimama wima kungoja adhabu yake. Yule kapteni akazunguka kwenye mahandaki membamba, akaamuru kipande cha huku kipelekwe kule, kikakaa. Cha kule kikaletwa huku, nacho kikakaa. Akacheka, akatoa amri kwamba tokea siku ile mahandaki yote yachimbwe kwa upana mmoja, ili kipande chochote kikae popote.

"Jeshi zima," Sajini alikuwa akimalizia, "lililala katika vyumba vya Malindi."

Siku nyingine kapteni alikuwa meja. Ramadhani moja, baada ya futari nzuri, alifika kuwa jenerali. Hatukumsahihisha. Lakini sehemu ya kuogopa adhabu haikubadilika hata mara moja, na ndiyo iliyonifanya niiamini hadithi yenyewe.

Alikuwa mbishi. Ukimwambia mvua inanyesha atatoka nje kuthibitisha. Alidharau bati, alidharau saruji, na mafundi waliopaka chokaa juu ya ufa bila kuufungua aliwaita wapaka wanja. Watoto hawakuwa na hofu naye, na siku za Diwali, Wahindi wa mtaani wakiripua fataki zao, yeye ndiye aliyesimama mbele kabisa, mikono nyuma, akitaja kila moja ingelikuwa bomu ingefika wapi. Kwa hiyo wale waliodhani vita vilimwachia woga wa kishindo hawakumjua.

Hata hivyo alikuwa na jambo. Alikuwa na nyumba imara, kuta nene, dari alilolijenga kwa mkono wake, na hakulala ndani. Kitanda chake cha kamba kilikuwa kiwanjani Funguni, katikati ya marundo ya boriti, juu mbingu wazi. Masika yakija alitandaza turubali. Mkewe alishachoka kuona haya, akawa anampelekea chai huko huko kila asubuhi. Ukimuuliza, atakwambia ndani kuna joto. Juni hiyo, upepo wa kusi unavuma mpaka watu wanajifunika mablanketi, ndani kuna joto!

Na tena alikuwa akijisifu: "Hakuna dari langu lililomwangukia mtu." Alilisema hilo mara nyingi mno. Siku moja muuza kahawa, kwa utani tu, akamuuliza, "Umejuaje, Sajini?" Sajini aliweka kikombe chini, kahawa ingali nusu, akaondoka zake. Muuza kahawa alibaki ametahayari, asijue alichokosea. Sote hatukujua, mpaka mwaka aliofariki baba yangu.

Baba alifariki kabla ya masika, na Mama akakaa eda katika chumba cha juu alimofia mumewe. Nyumba yetu ilikuwa kongwe. Chini tulipangisha ghala la nazi kavu za mbata, juu palikuwa na vyumba viwili na jiko, na juu ya chumba cha Mama lilikuwapo dari la mawe na chokaa ambalo Baba alikuwa akisema kila mwaka kwamba mwakani atalitengeneza. Mvua za mwanzo zilipopiga, ufa ulitokea kati ya ukuta na dari, ukawa mpana siku hadi siku. Vumbi la chokaa lilimdondokea Mama kwenye sahani. Fundi akapanda juu, akashuka haraka kuliko alivyopanda. Vichwa vya boriti vimeoza ndani ya ukuta, akasema, na mvua ikiendelea hivi haligusiki. Ukiligonga unaliangusha. Mtoeni huyo mama.

Mama akakataa. Mimi nilikuwa nimeolewa Vuga, nikaja kila siku kumbembeleza. Sheikh aliyesoma hitima ya Baba akaleta salamu kwamba mjane anayehofia maisha yake anaruhusiwa kuhama, wala hana dhambi.

"Sheikh kasema naweza," Mama akajibu. "Hakusema lazima."

"Mama, litakuua!"

"Nimeingia eda chumba hiki, ntatoka eda chumba hiki. Miaka yote niliyokaa na baba yako sikumwacha peke yake hata alipokuwa mkali. Nitamwacha leo, kwa vumbi?"

Nililia kwa hasira na kwa mapenzi, sikujua kipi kilizidi. Miezi minne na siku kumi ya eda ilikuwa haijafika hata nusu. Nikatoka nikaenda Funguni, nikamkuta Sajini anapanga boriti.

"Shikamoo, Sajini."

"Marahaba. Dari la Mama vipi?"

Hakuniuliza hali yangu wala ya mume wangu. Nilimweleza yote. Alisikiliza akikwaruza gome kwa ukucha, halafu akauliza maswali yasiyokwisha: ngazi yetu ina upana gani, mlango unafunguka upande upi, boriti za sakafu zinaelekea wapi. Mwisho akasema, "Kama dari haligusiki, na mtu hatoki, tutamjengea jingine chini yake."

"Lakini Sajini, wewe huwezi kuingia. Yumo edani."

"Nani kasema nitaingia? Bama nako nilikuwa nikijenga, wanaingia wengine."

Na hapo ndipo kazi yake ilipotuonesha ilivyokuwa. Mjane aliye edani haonwi na mwanamume asiye maharimu wake, basi mikono ya kulijenga dari ilikuwa lazima iwe ya kike: mimi, Shangazi, na majirani. Sajini alifunga vipande kiwanjani kwake kwa kamba za usumba wa nazi, vikawa vyepesi vya kupandishwa na wanawake wawili kwenye ngazi inayopinda. Mchanga alikataa. "Mzito," alisema, "na sakafu yenu ndiyo dari la watu wa chini." Badala yake tukashindilia makumbi ya nazi katika magunia ya karafuu, hayo ndiyo yawe kati ya tabaka mbili, yameze pigo. Nguzo alitaka zikae ukutani, pale boriti za sakafu zinapoingia kwenye ukuta wenyewe.

Mama naye akatoa sharti kupitia kwangu. Mahandaki ya vita ni ya kukaa umejikunja, lakini yeye atasimama wima akisali. "Mwambie siinami kwa bomu, nainama kwa rukuu." Sajini aliposikia akaenda kukata nguzo nyingine ndefu zaidi. Nilimwona akitabasamu, jambo la nadra.

Siku ya kuunganisha, alisimama kichochoroni chini ya dirisha letu, viatu vinang'aa, akaanza kutoa amri kama yuko kikosini. Kila ncha alikuwa ameichonga alama ya kisu: mkato mmoja, mikato miwili, msalaba, ili askari wapapase gizani wajue nini kinakutana na nini. Sisi hatukuzijua alama zake.

"Cha kulia kianze!"

"Kulia kwako au kwetu?" Shangazi akachungulia kwa pembe ya shubaka.

"Kulia kwa mlango!"

"Chumba kina milango miwili, Sajini!"

"Basi mkato na mkato!"

"Mkato upi? Miti yote imekatwa!" Shangazi akatugeukia, jasho linamtiririka. "Huyu alipigana na nani, mbona hata kuume hajui?"

Tulifunga, tukafungua, tukafunga tena. Kipande kimoja nusura kimwangukie jirani. Ndipo Shangazi akatoka na kanga zake za zamani akazichana mapande, akazitupa dirishani. "Zifunge hizi kwenye ncha," akampigia kelele. "Kanga moja, ncha mbili zinazokutana. Mwanamke hakosei kanga!" Wanaume wa barazani wakaangua kicheko, nami nikangoja Sajini akasirike, maana hakuna aliyewahi kumfundisha kitu akakikubali. Aliokota pande moja, akalitazama nakshi yake, akalitazama dirisha. Halafu akaagiza vipande vyote vishushwe. Akakaa kitako kichochoroni na kanzu yake nyeupe, akafunga kanga moja moja. Vilipopanda tena, dari zima lilisimama bila ubishi: maua na maua, mawimbi na mawimbi, korosho na korosho.

Ilibaki neno moja tu. Mama aliomba kusema naye. Sajini akapanda mpaka katikati ya ngazi, pazia likiwa limeshushwa, akauelekeza uso wake ukutani. Mimi nilikuwa kati yao.

"Sajini," Mama akasema kutoka ndani, "hili litashika?"

Nilijua atajibu nini. Nilishalisikia jibu lake mara elfu barazani. Lakini alikwaruza chokaa ya ukuta kwa ukucha kwanza.

"Bi Mkubwa," akasema mwisho, sauti ya chini, "sikudanganyi. Nimejenga mengi. Tulikuwa tukimaliza tunaondoka, wanaingia wengine, mabomu yanawakuta wao. Sikurudi hata kwenye moja. Nami hujisemea yote yalishika. Mimi sijui."

Nikakumbuka kikombe kile cha kahawa, na kitanda chini ya mbingu, na mambo yote tuliyoyacheka. Mama hakuchukua muda kujibu.

"Basi kwenye hili utarudi," akasema.

Lilianguka baada ya mvua kwisha, mchana wa jua, tulipoanza kusema hatari imepita. Nilikuwa jikoni. Kwanza palikuwa na mlio mdogo, kama mtu anayevunja kuni, halafu nyumba yote ikanguruma na mlango wa chumba ukatapika vumbi jeupe. Niliingia kwa kupapasa. Sikuona kitu. Niliita mpaka sauti ikakauka.

"Mama! Mama!"

"Usinipigie kelele, mwanangu. Nipo."

Vumbi lilipotua nilimwona ameketi juu ya mkeka, nguo zake nyeupe hazina tofauti na chokaa, kofia aliyokuwa akiishona ingali mkononi na sindano ndani yake. Juu yetu palikuwa na shimo na anga la buluu. Tabaka la juu la Sajini lilikuwa limevunjika vipande vipande chini ya mawe makubwa ambayo mtu mmoja hawezi kuyainua. Magunia ya makumbi yalikuwa yamebonyea. Na la chini lilikuwa limeshika. Lilipinda kidogo katikati, basi. Nilimkumbatia Mama nikalia, naye akanipiga mgongoni akisema nimemharibia uzi.

Sajini alifika mbio kutoka Funguni, kamba za viatu hazijafungwa. Nilimpigia kelele kutoka dirishani, "Limeshika! Mama mzima!" Akauliza, la juu limevunjika? Limevunjika. La chini? Limeshika, Sajini! Akauliza tena yale yale, na tena, kama mtu anayesomewa barua na haamini msomaji. Majirani walikuwa wakimpiga mabegani, muuza kahawa anamwaga kahawa bure, na yeye amesimama katikati yao akilitazama dirisha asiloweza kulipita.

Mama alikubali kuhamia chumba cha pili, ukuta kwa ukuta na kile cha kwanza. Akapiga marufuku mtu kugusa jiwe wala boriti. "Mpaka mwenyewe arudi," alisema. Kila jioni baada ya hapo Sajini alipita kichochoroni. "Bado lipo?" "Lipo, Sajini." Akaenda zake kulala kiwanjani.

Siku Mama alipotoka eda alioga, akavaa kanga mpya, nyumba ikafukizwa udi. Kabla hajaonana na mgeni yeyote alinituma Funguni. Nakumbuka siku ile vizuri, kwa kuwa ndiyo mara ya mwisho nilipokaa na Sajini karibu. Kiwanja alikiuza baadaye, akahamia Bububu kwa binti yake, na safari zangu zikawa chache. Alikuja na kanzu safi. Chini ya ngazi akavua vile viatu vya jeshi, akavipanga pembeni, akapanda pekupeku.

"Karibu, Sajini," Mama akamwambia, ameegemea mlango, ukaya kichwani. "Umerudi."

Aliingia asitazame juu. Kwa mara ya kwanza tangu nimjue, aliwasalimu watu kwanza. Kisha akaenda katikati ya chumba, akainua mkono, kiganja chote, akakiweka kwenye tabaka la chini pale lilipopinda. Akavigusa vifundo vya kanga kimoja kimoja. Shangazi alikuwa amejiandaa kwa utani, mimi nimejiandaa kusikia hadithi ya Bama upya, na safari hii nilikuwa tayari kumpa hata huyo jenerali. Yeye akajilaza chali juu ya mkeka ule aliokalia Mama, ili aione kazi yake kutoka chini, kama walivyoiona wale wote waliolala chini yake zamani. Tulingoja. Shangazi akaanza kusema halua inapoa.

Ndipo tuliposikia akikoroma.

Shangazi alipiga hatua amwamshe, Mama akamshika mkono. Akashusha pazia taratibu, akatoka akaketi kwenye ngazi karibu na vile viatu, na kila mwanamke aliyepanda kuja kumpa mkono, Mama alimwambia apunguze sauti, ndani kuna mtu amelala.